Kodi Inayovuka Mpaka: Jitayarishe Kabla Barua Haijafika

Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu ambayo kila mwenye biashara inayovuka mpaka Afrika Mashariki anapaswa kuijua. Unilever Kenya ilikuwa inaiuzia kampuni dada yake, Unilever Uganda, bidhaa kwa bei ya chini kuliko ile iliyowatoza wateja wengine. Mamlaka ya mapato ikaona kwamba hiyo ni bei ya kindugu, na kwamba faida iliyopaswa kutozwa kodi Nairobi imevushwa kupelekwa Kampala. Ikaikokotoa faida upya na kudai kodi zaidi. Kampuni ikajitetea kuwa ilifuata njia za kupanga bei zilizomo katika mwongozo wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), kwa sababu Kenya yenyewe haikuwa imetoa mwongozo wowote. Jaji Alnashir Visram akakubaliana na kampuni. Mwaka uliofuata serikali ikaziba pengo hilo kwa kutunga kanuni zake.

Kesi hiyo inafundisha jambo ambalo wengi hulipita. Tukisikia migogoro ya kodi ya kimataifa, fikra zetu hukimbilia visiwa vya mbali vyenye kodi sifuri. Hapa waliohusika ni majirani wawili. Leo Kenya, Uganda na Tanzania zote zinatoza kampuni asilimia 30 ya faida, na bado mivutano haijaisha, kwa sababu kinachogombewa ni hazina ya nchi ipi ipokee fedha hiyo. Nairobi ikiongeza faida yako kwa shilingi milioni 100, Kampala hailazimiki kupunguza kiasi hicho hicho upande wake. Faida moja inatozwa kodi mara mbili, na anayelipa ni wewe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliutambua ugonjwa huu. Mwaka 2010 nchi wanachama zilitia saini mkataba wa kuzuia utozaji kodi mara mbili kati yao, lakini umekwama miaka mingi kwa kuwa si nchi zote zilizouridhia. Ndiyo maana makala haya hayawahusu wakubwa wenye ofisi London na Toronto tu. Ukiwa na duka la vipuri Arusha na bohari Nairobi, au kiwanda Mwanza na kampuni ya mauzo Kigali, umeshaingia katika mchezo huu. Na kwa sehemu kubwa mchezo wenyewe huamuliwa mapema, siku unaposaini mkataba na siku unapoandika ankara. Mawakili huja baadaye kutetea kile ulichokwisha kukifanya.

Bei kati ya ndugu

Kanuni ya msingi ni ile ya watu baki. Kampuni zenye mmiliki mmoja zikiuziana kitu, kukopeshana au kupeana huduma, bei iwe ile ambayo wangekubaliana watu wasiohusiana. Nchini Tanzania kanuni hii imo katika kifungu cha 33 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, na utekelezaji wake umeelezwa katika kanuni za bei hamishi, yaani bei kati ya kampuni ndugu, za mwaka 2018. Chini ya kanuni hizo, ambaye miamala yake na ndugu zake inafikia shilingi bilioni 10 kwa mwaka anatakiwa kuwasilisha nyaraka za bei hamishi pamoja na ritani yake. Aliye chini ya kiwango hicho hajasamehewa kuziandaa. Akiombwa, ana siku 30 za kuzikabidhi.

Siku 30 zinaonekana nyingi mpaka uanze kutafuta mkataba wa mwaka juzi uliobaki kwenye kompyuta ya mhasibu aliyekwisha kuacha kazi. Kwa hiyo usisubiri kuombwa. Mwanzoni mwa kila mwaka wa hesabu andika mambo manne. Kampuni gani inafanya kazi gani, na ipi inabeba hasara mambo yakiharibika? Bei imepangwa kwa njia ipi? Kwa nini njia hiyo na si nyingine? Na ni mifano gani ya watu baki inayoonyesha kuwa bei yako haikupotoka? Ukimuuzia kampuni dada kwa asilimia 8 chini ya bei ya wateja wengine, inawezekana kabisa kuna sababu halali: ananunua kwa wingi, anajisafirishia mwenyewe, anagharimia matangazo kwake. Sababu hiyo iandikwe wakati bei inapangwa. Ikiandikwa miaka mitatu baadaye, mkaguzi atauona wino bado mbichi.

Walioidharau kanuni hii wamelipa. Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Zambia iliamua dhidi ya mgodi wa Mopani katika mzozo wa bei ya shaba uliyomuuzia ndugu yake, Glencore, kati ya 2006 na 2009. Bei zilikuwa chini ya zile walizotozwa wanunuzi baki, na maelezo ya kampuni hayakuiridhisha mahakama. Tofautisha na Unilever. Kampuni zote mbili zilikuwa na bei za chini kwa ndugu. Unilever iliweza kuonyesha njia iliyoifikisha kwenye bei yake, Mopani haikuweza.

Ankara ya mstari mmoja

Kama kuna karatasi moja inayozaa kesi nyingi kuliko zote, ni ankara ya ada ya usimamizi. Utaikuta imeandikwa hivi: "Huduma za usimamizi kwa mwaka, dola 100,000." Haina orodha ya kazi, haitaji saa wala aliyezifanya, na tarakimu imekaa mviringo kama imetoka kichwani. Inatoka kampuni mama, inalipwa na kampuni tanzu, na inapunguza faida ya tanzu kwa dola 100,000 kamili.

Mkaguzi akiishika atauliza maswali matano. Huduma hiyo ni nini hasa? Nani aliifanya? Tanzu iliihitaji, au kampuni mama ilikuwa inalinda mtaji wake mwenyewe? Mbona meneja wa fedha mliyemwajiri hapa hakuifanya? Na dola 100,000 zimekokotolewaje? Ukikosa jibu, matumizi yote yanakataliwa, faida inapanda, na kodi inadaiwa pamoja na riba ya miaka iliyopita.

Hapo hujagusa kodi ya zuio. Tanzania inamtaka mlipaji akate asilimia 15 ya malipo ya huduma kwa asiye mkaazi. Wengi walidhani kwamba kama mtaalamu alikaa ofisini kwake Ulaya na hakukanyaga Dar es Salaam, makato hayo hayahusiki. Tullow Tanzania ilijenga hoja hiyo hadi Mahakama ya Rufani na ikashindwa. Mahakama iliangalia huduma imetumika wapi na malipo yametoka wapi, na yote mawili yalikuwa Tanzania.

Piga hesabu. Kwa ankara ya dola 100,000, unakata 15,000 na kupeleka serikalini, kampuni mama inapokea 85,000. Usipokata, deni ni lako wewe mlipaji. Na kama mkataba wenu unasema kampuni mama lazima ipokee 100,000 kamili baada ya kodi, basi malipo halisi yanahesabiwa kuwa dola 117,647 na kodi inakuwa 17,647. Kifungu hicho cha mstari mmoja, ambacho mara nyingi hunakiliwa kutoka mikataba ya nchi nyingine bila kusomwa, kimeongeza gharama yako kimyakimya.

Tiba yake ni ya kawaida kabisa. Kila robo mwaka mtoa huduma atume ripoti fupi ya kazi alizofanya, ikiambatana na ushahidi: barua pepe za ushauri, taarifa zilizoandaliwa, majina ya waliofanya kazi. Ankara ieleze namna gharama ilivyogawanywa kati ya kampuni za kundi. Na huduma ambayo huwezi kuonyesha imekunufaisha, usiilipie. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Mkopo wa nyumbani

Kampuni mama nyingi hupendelea kuikopesha tanzu badala ya kuiwekea mtaji, kwa kuwa riba hupunguza faida inayotozwa kodi na gawio halipunguzi. Serikali zimelijua hilo siku nyingi. Tanzania, kwa kampuni ambazo wageni wanamiliki asilimia 25 au zaidi, inaangalia uwiano wa deni na mtaji: deni likizidi sehemu 7 kwa 3 za mtaji, riba ya ziada haikubaliki kama matumizi. Kenya na Uganda zimechukua njia nyingine, ya kuweka kikomo cha asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu.

Maana yake ni kwamba mkopo ule ule, kwa masharti yale yale, unaweza kupita salama Dar es Salaam na kukwama Kampala. Kundi la kampuni lenye mkataba mmoja wa mkopo kwa nchi zote tatu limejitega. Kabla fedha haijaingia, mwombe mhasibu wa kila nchi akokotoe riba itakayokubalika kwa miaka mitatu ijayo. Mkataba utaje kiwango cha riba, ratiba ya marejesho na dhamana. Kisha marejesho yafanyike kweli. Mkopo ambao hakuna mtu aliyewahi kuurejesha hata senti, mkaguzi atauita mtaji.

Kuwepo bila kujua

Unaweza kudaiwa kodi katika nchi ambayo hukuwahi kusajili kampuni. Kenya inakuhesabu kuwa una kituo cha kudumu cha biashara ukiwa na mradi wa ujenzi unaozidi siku 183, au ukitoa huduma kwa kupitia watumishi wako kwa zaidi ya siku 91 ndani ya miezi 12. Kampuni ya Dar es Salaam inayopeleka mafundi watatu Mombasa kwa zamu, kila mmoja mwezi na nusu, imevuka mstari huo bila mtu yeyote kukaa muda mrefu. Zinazojumlishwa ni siku za kazi ya kampuni, hata kama kila fundi amekaa kidogo. Weka daftari la safari lenye tarehe za kuingia na kutoka na kazi iliyofanyika, na mtu mmoja awe na jukumu la kulisoma kila mwezi.

Wauzaji wa mtandaoni nao hawajaachwa. Kenya ilianza mwaka 2021 na kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 1.5, kisha mwishoni mwa 2024 ikaweka mahali pake kodi ya uwepo mkubwa wa kiuchumi. Hiyo mpya inachukulia kuwa asilimia 10 ya mauzo ni faida na kuitoza asilimia 30, yaani asilimia 3 ya mauzo. Ukiuza programu ya simu Nairobi ukiwa Zanzibar, hili linakuhusu.

Kuna pia suala la makao ya kampuni yenyewe. Sheria ya Tanzania inaihesabu kampuni kuwa mkaazi kama imeundwa nchini, au kama usimamizi na udhibiti wa shughuli zake unafanyika nchini. African Barrick Gold, iliyosajiliwa Uingereza na kuuza hisa zake London, ilikumbana na jambo hili. Mamlaka ya Mapato ilidai kampuni hiyo ni mkaazi wa Tanzania na ilipaswa kukata kodi ya zuio kwenye gawio ililowalipa wanahisa, na mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi lilikubaliana nayo. Dai lilikuwa zaidi ya dola milioni 41. Kama umesajili kampuni nje lakini maamuzi yote makubwa yanafanyika kwenye meza yako Masaki, anwani ya ng'ambo haitakusaidia.

Siku ya kuuza

Wengi hukumbuka kodi baada ya kupeana mikono. Uganda imetoa mafunzo mawili ghali. Mwaka 2010 Heritage Oil iliiuzia Tullow sehemu yake katika vitalu vya mafuta kwa dola bilioni 1.45. Mamlaka ya Mapato ya Uganda ikadai dola milioni 404 kwa faida ya mauzo hayo. Muuzaji akakataa, mamlaka ikamgeukia mnunuzi kama wakala wake, na Tullow ikalipa dola milioni 313. Ililazimika kwenda mahakamani London, na mwaka 2013 ndipo Heritage ikaamriwa kuirudishia.

Mwaka huo huo wa 2010 Zain iliiuzia Bharti Airtel biashara yake ya Afrika. Kilichouzwa kwenye karatasi ni hisa za kampuni ya Uholanzi, wala si za Uganda. Hata hivyo mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Uganda ilisema mamlaka ya kodi ina uwezo wa kutoza kodi, kwa kuwa thamani iliyouzwa ilikuwa Uganda.

Kwa hiyo ukinunua, mkataba uruhusu sehemu ya bei ibaki kwenye akaunti ya wakala hadi muuzaji alete uthibitisho kwamba kodi imelipwa. Ukiuza, kokotoa kodi ya kila nchi yenye mali kabla hujataja bei. Na usichukulie kwamba kampuni ya katikati iliyoko Ulaya au Mauritius imekufunika.

Mikataba ya kodi: isome yote

Mkataba wa kuzuia utozaji kodi mara mbili unaweza kupunguza kodi ya zuio na kukupa njia ya kuzikutanisha mamlaka mbili zielewane juu ya faida yako. Tanzania inayo na nchi kama India, Afrika Kusini, Zambia, Canada, Norway na Sweden. Kabla hujajenga biashara juu ya mkataba wowote, hakikisha mambo mawili.

Kwanza, unatumika kweli? Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha mkataba kati ya Kenya na Mauritius kwa sababu ya dosari za utaratibu wa kuupitisha, baada ya shirika la Tax Justice Network Africa kufungua kesi. Waliokuwa wamepanga uwekezaji kupitia Mauritius waliamka bila mwavuli. Pili, una sifa ya kuutumia? Kampuni isiyo na ofisi, mfanyakazi wala maamuzi yake yenyewe huko ilikosajiliwa itapata shida kuyadai manufaa ya mkataba.

Pasipo mkataba, bado kuna nafuu. Tanzania inamruhusu mkaazi kupunguziwa kodi kwa kiasi alicholipa nje juu ya mapato hayo hayo, mradi awe na vielelezo. Dai cheti cha makato kwa kila malipo, mwezi ule ule. Kukifuatilia baada ya miaka miwili kwa mteja mliyekwisha kukosana naye ni kazi bure.

Mjadala wa dunia wa kodi ya kima cha chini cha asilimia 15 unayahusu makundi yenye mauzo ya yuro milioni 750 kwa mwaka au zaidi, na Kenya imeshaiingiza katika sheria yake. Kama kampuni yako ni tanzu ya kundi la namna hiyo, makao makuu yatakuandikia kuomba takwimu. Wape zile zile ulizozipeleka kwenye mamlaka ya kwenu.

Barua ikifika

Makadirio yakishatolewa, hesabu siku kabla ya kitu kingine chochote. Tanzania pingamizi huwasilishwa ndani ya siku 30, Kenya siku 30, Uganda siku 45. Andika tarehe uliyoipokea barua juu ya nakala yake, pamoja na jina la aliyeipokea. Pingamizi zuri lililochelewa halisikilizwi.

La pili ni fedha. Tanzania, ili pingamizi lipokelewe, unalipa kodi usiyoipinga au theluthi moja ya iliyokadiriwa, kiasi kile kilicho kikubwa. Ukikadiriwa shilingi milioni 900 na wewe unakubali milioni 100, unalipa 300. Ukikubali milioni 400, unalipa 400. Kamishna Mkuu anaweza kupunguza au kusamehe amana hiyo kwa sababu za msingi, lakini lazima uombe kwa maandishi na kwa wakati. Uganda, anayekwenda kwenye baraza la rufaa hulipa asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa au sehemu asiyoipinga, kubwa kati ya hizo. Kampuni yenye miamala ya mipakani ijiwekee akiba kwa ajili ya siku hiyo, maana benki hazipendi kukopesha mtu anayedaiwa na serikali.

La tatu, teua msemaji mmoja. Ukaguzi ambao meneja wa ghala anajibu kivyake, mhasibu kivyake na makao makuu yanatuma barua pepe yenye maelezo ya tatu, huishia pabaya. Kila waraka unaokabidhiwa uorodheshwe na kusainiwa na pande zote. Kila kikao kiwe na muhtasari. Hoja ambayo hukuitaja kwenye pingamizi itakuwa vigumu kuiibua kwenye Bodi ya Rufani za Kodi, na ukifika Mahakama ya Rufani utasikilizwa juu ya sheria tu, si juu ya risiti uliyoipata jana.

La nne, pima kama inafaa kupatana. Mwaka 2017 Tanzania ilizipelekea kampuni za Acacia, jina jipya la African Barrick Gold, madai ya takriban dola bilioni 190, zikiwemo riba na adhabu. Mzozo huo ulimalizwa kwa makubaliano na mmiliki wake mkuu, Barrick: malipo ya dola milioni 300, hisa za asilimia 16 kwa serikali, na kampuni ya ubia ya Twiga, mikataba ikisainiwa Januari 2020. Umbali kati ya tarakimu hizo mbili unaonyesha kuwa madai ya kwanza si lazima yawe neno la mwisho. Unaonyesha pia kwamba ukaidi na kutoaminiana kuna gharama: kati ya barua na kalamu, usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, ulikuwa umezuiwa na kampuni ilikuwa imeyumba. Kupatana si kukiri kosa. Kama nyaraka zako ni dhaifu kwa miaka miwili na imara kwa mitatu, patana kwenye miwili na upiganie mitatu.

Serikali zetu zina haki ya kodi inayotokana na kazi iliyofanyika katika ardhi yao, na mwenye biashara ana haki ya kutolipa mara mbili. Haki zote mbili hulindwa na kumbukumbu. Basi wiki hii mwite mhasibu wako, mtoe mkataba mmoja tu kati ya kampuni yako na ndugu yake, mwulizane kila kifungu kinatekelezwa kama kilivyoandikwa au la. Kisichotekelezwa kirekebisheni sasa, mkataba au mwenendo, wakati bado hakuna anayewauliza.